Folda ya pamoja ikikataa baada ya sasisho, anzia pale inapokaa

Simu za namna hii zimeongezeka hapa Mwanza tangu mwishoni mwa mwaka 2025. Kompyuta imejiapdeti usiku, asubuhi inawaka vizuri, intaneti ipo, printa inachapa, ila folda ya pamoja ambayo ofisi nzima inaitegemea haifunguki. Jana ilikuwepo. Leo ukiibofya, kiduara kinazunguka weee, mwisho unaambiwa njia ya mtandao haikupatikana, na chini yake kuna namba 0x80070035. Naandika kwa ajili ya aliyekaa mbele ya ujumbe huo sasa hivi, kazi zikimsubiri, na kwa ajili ya fundi mwenzangu aliyeitwa kuja kuutatua. Ninachotaka kukisema ni kimoja: mara nyingi kompyuta iliyoapdetiwa iko sahihi. Kasoro iko pale folda inapokaa, na hapo ndipo mkono wa fundi unapotakiwa kwenda.

Kwanza sababu ya msongamano huu. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi zilizokuwa zinaahirisha zikahamia Windows 11 karibu kwa mkupuo mmoja, zikaangukia toleo la 24H2, lililoanza kutolewa tarehe 1 Oktoba 2024, au 25H2 lililolifuata. Hilo la 24H2 lilibadilisha mambo mawili kwenye SMB, itifaki ambayo Windows huitumia kufungua mafaili yaliyo kwenye kompyuta nyingine. Kwenye Windows 11 Pro, Enterprise na Education, mazungumzo yote ya SMB sasa lazima yawe na saini. Na kwenye Pro, kompyuta haikubali tena kuingia kwenye folda kama mgeni, yaani bila jina wala nywila. Enterprise na Education zilishakatazwa ugeni huo zamani, enzi za Windows 10 toleo la 1709.

Maelezo hayo yakibaki hivyo hivyo hayamsaidii mtu, kwa hiyo nichukue ofisi moja ya uhasibu, ghorofani, Barabara ya Kenyatta. Wateja wao wengi ni wafanyabiashara wa dagaa na mabondo wa Mwaloni Kirumba, pamoja na maduka ya vifaa vya ujenzi ya Igoma na Buzuruga. Kila mteja ana folda yake: risiti za EFD zilizoskaniwa, Z-ripoti, orodha za mishahara, mikataba, nakala za TIN na vitambulisho vya NIDA. Vyote vinakaa kwenye kisanduku cha NAS, yaani kifaa cha kutunzia mafaili ya pamoja kwenye mtandao, chenye diski mbili, juu ya kabati karibu na ruta, na kila kompyuta inakiona kama diski Z. Siku ninayoisema zilikuwa zimebaki siku chache kufika tarehe 20, ambayo ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani ya VAT ya mwezi uliopita.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Karibu. Z imekufa, na tarehe 20 hiyo inakuja.”

Z haikufa. Kisanduku kilikuwa kinawaka taa zake zote za kijani, diski nzima, swichi nzima. Kilichowachanganya watu ni kwamba laptopu ya kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo, anayesoma Nyegezi, ilikuwa inaifungua Z bila shida yoyote, wakati kompyuta za wahasibu, mpya kuliko yake, zote zimekataa. Walishaamua kwamba kompyuta mpya ni mbovu na mmoja alikuwa tayari ameomba arudishiwe Windows ya zamani. Jibu lilikuwa kwenye aina ya Windows. Laptopu ya kijana ina Windows 11 Home, ambayo haikuwekewa masharti yale mawili. Za ofisi ni Pro. Folda ile ile, waya ule ule, majibu tofauti. Ukikuta hali hiyo ofisini kwako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, ubonyeze Enter. Kidirisha kitakachotokea kitakuambia aina na toleo, na mara nyingi nusu ya fumbo inaishia hapo.

Lakini hata ukishaona Pro 24H2, usikimbilie kubadilisha mipangilio. Jiridhishe kwanza kama kisanduku kinafikika. Nasema hivi kwa sababu hapa kwetu umeme hukatika na kurudi, ruta ikizima na kuwaka inagawa upya anwani za IP, na kisanduku kilichokuwa 192.168.1.50 kinaamka kikiwa 192.168.1.63. Kompyuta zote zinaendelea kukitafuta nyumba ya zamani. Ikitokea sasisho na katizo la umeme vimeangukia usiku mmoja, lawama zote linabeba sasisho. Dawa yake ni kuingia kwenye ruta na kukipa kisanduku anwani ya kudumu, kazi ya dakika chache ambayo ilipaswa kufanywa siku kiliponunuliwa.

Kupima, fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 445

Mlango namba 445 ndio SMB inapopitia. Jibu likiwa True, njia ipo wazi na ugomvi ni wa utambulisho: wewe ni nani, na umethibitishaje. Likiwa False, tatizo liko chini zaidi, kwenye anwani, waya, Wi-Fi au ngome ya kompyuta (firewall). Kipimo hiki kimoja kinakuokoa kutafuta kitu mahali kisipokuwepo, na sielewi kwa nini mafundi wengi tunakiruka.

Hatua inayofuata ni kupata ujumbe wa kweli. Kidirisha cha mafaili huwa kinasema kwa ujumla mno. 0x80070035 inaweza kubeba sababu tano tofauti. Ukiunganisha kwa amri, majibu huja na ufafanuzi:

net use Z: \\192.168.1.50\wateja

Pale ofisini jibu lilikuwa kwamba sera za usalama zinazuia kuingia kama mgeni asiyethibitishwa. Mahali pengine utakuta linasema saini ya kikriptografia si sahihi, pamoja na namba 0xc000a000. Hilo la pili maana yake kifaa cha upande wa pili hakijui kuweka saini, au kimezimiwa. Na kama kifaa ni cha zamani sana kinachojua SMB1 tu, utaambiwa hivyo waziwazi, kwamba folda inatumia itifaki iliyopitwa na wakati na isiyo salama.

Sasa nieleze ni kwa nini mgeni hawezi kuweka saini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hufungua mpangilio mmoja, wakashangaa folda bado imekataa. Saini ya SMB haihusiani na kalamu. Mtu akiingia kwa jina na nywila, kompyuta na kisanduku hutengeneza ufunguo wa kikao kutokana na siri hiyo wanayoijua wao wawili, bila siri yenyewe kupita kwenye waya. Kuanzia hapo kila ujumbe, uwe wa kusoma faili au wa kulifuta, unabeba alama iliyokokotolewa kwa ufunguo ule. Akitokea mtu katikati akabadilisha hata herufi moja, alama haitalingana na ujumbe utatupwa. Mfanyabiashara anayetuma magunia ya dagaa kwenda mbali akikubaliana na mpokeaji rangi ya uzi wa kushonea midomo, gunia lililofunguliwa njiani litajulikana likifika. Alama hizi zinafanya kazi hiyo kwa kila kipande cha faili. Mgeni hana nywila, kwa hiyo hakuna siri ya kutengenezea ufunguo, na bila ufunguo hakuna saini. Ndiyo maana masharti mawili ya 24H2 yanakwenda pamoja. Ukiruhusu wageni bila kuondoa sharti la saini, bado utakwama, na utalazimika kuondoa vyote viwili. Na ukishaondoa vyote viwili, kompyuta yako itamkubali yeyote anayejitokeza mtandaoni akidai ndiye kisanduku, ikachukua faili lolote atakaloipa.

Kuna historia nyuma ya masharti haya na inastahili kujulikana. SMB ilizaliwa miaka ya 1980 ndani ya IBM, mikononi mwa Barry Feigenbaum, wakati mtandao wa ofisi ulikuwa kompyuta chache za watu wanaofahamiana. Microsoft ikaichukua na kuikuza. Mwaka 1992 Andrew Tridgell, akiwa mwanafunzi Canberra, Australia, akaandika programu iliyokuja kuitwa Samba ili kompyuta zisizo za Windows nazo ziweze kuzungumza lugha hiyo, na mpaka leo visanduku vingi vya NAS tunavyouziwa madukani vina Linux na Samba ndani yake. Toleo la kwanza, SMB1, lilidumu kupita kiasi. Mwaka 2016 Ned Pyle, aliyekuwa akisimamia SMB pale Microsoft, aliandika hadharani akiwasihi watu waache kuitumia. Machi 2017 ukatolewa ukarabati wa tundu lililokuwemo. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, ikapitia tundu lile lile kwenye kompyuta ambazo hazikuapdetiwa, ikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Miezi michache baadaye, Windows 10 toleo la 1709 likaanza kusakinishwa bila SMB1. Kwa hiyo 24H2 ni hatua nyingine kwenye njia iliyoanza siku nyingi.

Mama mwenye ofisi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la haki kabisa: “Lakini sisi tuko humu ndani tu baba, nani wa nje atakuja kuchukua mafaili yetu?”

Kwa ruhusa yake nikatoa simu yangu mfukoni. Pale mapokezi kuna karatasi imebandikwa ukutani yenye nywila ya Wi-Fi, ya wateja wanaosubiri. Nikaiandika, nikaunganishwa. Nikafungua programu ya mafaili ya kwenye simu, nikaenda sehemu ya mtandao, nikaandika anwani ya kisanduku, na palipoulizwa jina nikachagua mgeni. Folda zikajipanga kwenye kioo cha simu, majina ya wateja kwa herufi kubwa, kila biashara na mwaka wake. Nikabonyeza moja, nikampa simu ashike mwenyewe. Ilikuwa orodha ya mishahara ya wafanyakazi wa mteja wake, majina yao kamili, namba za akaunti na makato. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye yale makochi ya mapokezi angeweza kuyaona hayo, na kuyafuta pia, kwa sababu mgeni alipewa ruhusa ya kuandika.

Aliyeweka kisanduku kile alikiacha bila majina ili kazi iende haraka, na kwa miaka kazi ilikwenda. Lakini Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mhasibu anayetunza namba za NIDA za watu wengine anawajibika kwayo. Hata isingekuwepo sheria, muuza dagaa aliyekukabidhi vitabu vyake hakukukabidhi uviweke mahali ambapo jirani yake wa kizimba anaweza kuvisoma kwa simu.

Basi tukarekebisha kisanduku. Unaingia kwa kivinjari kwa anwani yake, kwa jina la msimamizi. Unaangalia kwanza kama kuna sasisho la mfumo wake, kwa sababu visanduku vingi havijawahi kuguswa tangu vitoke dukani, na mfumo mpya mara nyingi ndio unaoleta SMB3. Kabla ya kuliweka, nakili mafaili yote kwenye diski ya pembeni. Hili sina mjadala nalo. Diski ya nje ya terabaiti moja ni nafuu kuliko vitabu vya mteja mmoja. Kisha unakwenda kwenye mipangilio ya SMB, unaweka kiwango cha chini kuwa SMB2 na cha juu SMB3, na saini unaiacha iwashwe au ijiamulie. Halafu unatengeneza jina la kila mtu. Kila mtu, na siyo jina moja la “ofisi” ambalo nywila yake itaishia kwenye karatasi nyingine ukutani. Unatengeneza kundi la wahasibu, unalipa ruhusa ya kuandika kwenye folda ya wateja. Mapokezi wanapewa ruhusa ya kuweka skani kwenye folda yao tu. Kijana wa mafunzo anasoma anachofanyia kazi. Mwisho kabisa unamzima mgeni.

Wenye seva ya kujitengenezea, kompyuta kuukuu yenye Linux, mambo ni mafupi zaidi. Samba kuanzia toleo la 4.11 la mwaka 2019 ilishazima SMB1 yenyewe, na inajua kuweka saini bila kuombwa. Kinachobaki ni kumpa mtu nywila ya Samba kwa sudo smbpasswd -a na jina lake, na kwenye faili la smb.conf kuhakikisha mistari hii:

map to guest = never
server min protocol = SMB2
guest ok = no

Mistari miwili ya kwanza inakaa kwenye sehemu ya jumla, wa tatu chini ya folda husika. Ukishahifadhi, endesha testparm ikukagulie, kisha uanzishe upya smbd, yaani huduma yenyewe ya Samba.

Kurudi kwenye kompyuta za wahasibu, kuna mitego miwili inayowakatisha watu tamaa wakiwa wamebakiza hatua moja. Wa kwanza ni kumbukumbu za zamani. Windows inaweza kuwa imetunza kwamba kisanduku hiki hufunguliwa kama mgeni, au kwa jina la mtu aliyeondoka, na inaendelea kupeleka utambulisho huo kimya kimya. Unapojaribu jina jipya unapata kosa namba 1219, linalosema huwezi kuunganishwa na seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Safisha kwanza:

net use * /delete
cmdkey /list
cmdkey /delete:192.168.1.50

Hiyo ya kati inakuonyesha kilichotunzwa kwa jina gani. Anwani kwenye ya tatu uibadilishe kulingana na ulichokiona. Kisha utoke kwenye akaunti na kuingia upya ndipo uunganishe Z.

Mtego wa pili ni PIN. Windows 11 imewazoesha watu kuwasha kompyuta kwa tarakimu chache, na wakiulizwa nywila ya folda wanaandika zile zile. PIN ni ya kompyuta ile ile tu, haisafiri kwenda kwenye mtandao. Kisanduku kinataka nywila ya kisanduku. Kama folda iko kwenye kompyuta nyingine ya Windows, inatakiwa nywila ya akaunti iliyo kwenye kompyuta hiyo, na jina liandikwe likitanguliwa na jina la kompyuta yenyewe, mfano MAPOKEZI\asha. Wahasibu wawili pale walikwama kwa hili tu.

Siyo kila folda inayokataa ina ugonjwa wa mgeni. Kuna duka la stationari Nansio, Ukerewe, walinipigia baada ya kuapdeti kompyuta yao ya mbele. Folda iko kwenye kompyuta ya nyuma, na hii ya mbele haiioni. Kuvuka ziwa kwa kitu ambacho huenda ni mpangilio mmoja kungewagharimu nauli na siku nzima, hivyo tukafanya kwa simu. Nikamwomba kaka aandike ile amri ya kupima mlango 445, akanisomea neno kwa neno: “Imeandika False, fundi.” Kumbe kompyuta ya nyuma nayo iliapdetiwa, na baada ya hapo ikaanza kuuona mtandao wa dukani kama mtandao wa umma, kama vile imeunganishwa kwenye Wi-Fi ya stendi. Kwenye mtandao wa umma, ngome ya Windows inafunga ushirikishaji wa mafaili. Alikwenda kwenye Mipangilio, Mtandao na Intaneti, akabonyeza jina la mtandao wake, akachagua mtandao binafsi, na folda ikarudi tukiwa bado tunaongea. Angalia hili mapema, hasa kama kilichoapdetiwa ni kompyuta inayobeba folda.

Mashine za fotokopi ni habari nyingine, nao wenye ofisi hukumbuka kuzitaja wakati fundi ameshafunga mkoba. Mashine inayoskani na kutuma moja kwa moja kwenye folda ya kompyuta inatumia SMB pia, ila hapo mambo yamegeuka: kompyuta ndiyo inayopokea, na 24H2 Pro inadai saini hata kwa wanaokuja. Mashine iliyotumika, ile iliyoingia nchini ikiwa tayari na umri wake, mara nyingi inajua SMB1 pekee. Tafuta sasisho la mfumo wa mashine kwanza. Likikosekana, iskani kwenda kwenye barua pepe au kwenye fleshi. Usirudishe SMB1 kwenye kompyuta ya mhasibu kwa ajili ya fotokopi. Najua inauma kuambiwa mashine iliyokugharimu fedha nyingi isikani kwenye fleshi, lakini mafaili yaliyomo kwenye kompyuta hiyo yana thamani kuliko mashine.

Na kwa wenye vyumba vya kompyuta, za shule au za kulipia kwa saa: kama fundi aliweka Windows kwenye moja kisha akanakili diski ile ile kwenda kwa zote, kompyuta zako huenda zina utambulisho wa ndani mmoja, SID. Zamani halikuwa na madhara ya kuonekana. Masasisho ya kuanzia tarehe 29 Agosti 2025 yameanza kulikagua, na kompyuta mbili zenye SID moja hukataana hata nywila ikiwa sahihi kabisa. Kwenye kumbukumbu za matukio utaona LsaSrv namba 6167. Hakuna amri ya kulifuta hilo. Zinasakinishwa upya, na safari hii Sysprep, zana ya Windows inayoondoa utambulisho huo, iendeshwe kabla ya kunakili.

Nimeacha kwa makusudi amri mbili zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi, kwa sababu zikitangulia hakuna anayesoma mengine. Ni hizi:

Set-SmbClientConfiguration -RequireSecuritySignature $false
Set-SmbClientConfiguration -EnableInsecureGuestLogons $true

Zinafanya kazi. Folda itafunguka papo hapo, mteja atashukuru, fundi atalipwa. Na jina la mpangilio wa pili limejieleza lenyewe kwamba si salama. Ninazitumia pale tu ambapo kifaa hakiwezi kabisa kupandishwa na mafaili yanatakiwa leo: kwenye kompyuta moja, intaneti ikiwa imekatwa, nakili yote kwenda mahali pengine, kisha rudisha mipangilio ilivyokuwa kwa $true na $false zikibadilishana nafasi. Kuziendesha kwenye kompyuta zote za ofisi na kuondoka ni kumwachia mteja hatari ambayo hajui kama anayo, na fundi anayefanya hivyo anajua kuwa mteja hajui. Wengine husema saini inapunguza kasi. Kwenye kisanduku dhaifu kinachohamisha video kubwa ni kweli utaona tofauti. Kwenye Excel na PDF za risiti hakuna mhasibu atakayeihisi.

Ofisi ya Barabara ya Kenyatta iliwasilisha ritani zake kwa wakati. Karatasi ya Wi-Fi imebaki mapokezi, ila sasa ni ya mtandao wa wageni ambao ruta imeutenganisha na wa ofisi, jambo ambalo ruta nyingi zinalo na halihitaji kununua chochote. Majina ya watumiaji yalionyesha faida yake kijana wa mafunzo alipomaliza muda wake na kurudi chuo. Mama alinipigia kuuliza kama wabadilishe nywila zote, kama walivyozoea kufanya kwenye Wi-Fi. Nikamwelekeza kwenye ukurasa wa watumiaji, atafute jina la kijana, azime. Akafanya mwenyewe, kisha akaniuliza kama anaweza kuona pia nani alifuta faili la mteja mmoja wiki iliyopita. Anaweza, kumbukumbu za kisanduku sasa zinaandika jina mbele ya kila tendo, na tuliiwasha sehemu hiyo siku ile ile tulipomzima mgeni.